Barua Mbarara, Kitanda Isingiro: Vidokezo kwa Mkazi wa Kabazana Anayeulizwa Anwani

Mtu wa Kabazana, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro nchini Uganda, akipigiwa simu na ndugu yake aliyeko Nairobi na kuulizwa yuko wapi siku hizi, hujibu "Niko Mbarara" bila kufikiri mara mbili. Swali hilo hilo likitoka kwa mtu wa Mbarara mjini, jibu hugeuka kuwa "Nakivale." Na akiulizwa na mtu wa Base Camp husema "Kabazana", basi. Majibu yote matatu ni ya kweli, na katika mazungumzo hayamdhuru mtu. Kazi huanza pale karani anapokuwekea fomu mbele yenye mstari mmoja tu wa anwani, au mzigo wako unapolala kwenye stoo ya basi mjini huku wewe ukiusubiri kando ya barabara ya vumbi, kilomita hamsini na kitu kutoka hapo.

Vidokezo hivi ni vya wakimbizi na wenyeji kwa pamoja, kwa kuwa mpaka hauchagui. Anza na chochote unachokihitaji leo.

1. Jua kwanza anayeuliza ni nani

"Unaishi wapi?" ni maneno mawili tu, lakini kila ofisi ina maana yake. Posta inataka kujua barua iangukie wapi. Serikali inataka kujua uko chini ya mwenyekiti gani, gombolola gani, wilaya gani. OPM (Ofisi ya Waziri Mkuu) na HCR (shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa) wanataka zoni na kijiji ndani ya makazi. Mwenye bodaboda hataki lolote kati ya hayo. Anataka jina la duka, kanisa au msikiti ulio karibu na mlango wako.

Kwa hiyo mkazi yule yule, bila kusema uongo hata kidogo, anaweza kuandika Mbarara kwenye bahasha, Isingiro kwenye fomu ya serikali, Nakivale kwenye karatasi za OPM, na kumwambia dereva "shusha pale kwenye kinu." Kosa ni kuchukua jibu la mmoja na kumpa mwingine.

2. Sanduku la posta halina kitanda

Uganda, kama majirani zake, ilikulia kwenye masanduku ya posta. Posta Uganda kwa kawaida haimtumi mtu apite nyumba kwa nyumba kugawa barua. Barua hukaa kwenye sanduku, na mwenye ufunguo huenda kuichukua. Sanduku ni la kukodi, na jina la mji linaloandikwa baada ya namba ni la mji wenye ofisi ya posta, si la mahali unapolala. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kinatumia P.O. Box 1410, Mbarara, na kweli kiko Mbarara. Lakini shule, kanisa au shirika lililo vijijini kabisa linaweza kukodi sanduku katika ofisi hiyo hiyo ya posta, na barua zake zote zikasomeka "Mbarara" ingawa madarasa yake yako wilaya nyingine.

Hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa. Mtu huona "Mbarara" kwenye barua ya shule ya mwanawe, kisha anapojaza fomu ya ufadhili anaandika kwamba mtoto anasoma wilaya ya Mbarara. Kumbe ufadhili ule ulikuwa wa shule za Isingiro. Jina la mtoto linakatwa, na mzazi anabaki akiamini amebaguliwa.

Kama unatumia sanduku la mtu mwingine, na wengi wetu ndivyo tunavyofanya, mambo matatu yanatosha. Omba ruhusa ya mwenyewe kabla ya kulitaja popote. Andika jina lako kwanza, kisha "kwa" na jina la mwenye sanduku, ili barua isirudishwe kwa kukosa mwenyewe. Na uulize kama ada ya mwaka imelipwa, kwa sababu sanduku lisilolipiwa hufungwa na hakuna atakayekuja kukuarifu.

3. Usimlaumu karani aliyeandika Mbarara miaka ile

Hiki ndicho kidokezo kinachookoa watu wengi, kwa hiyo tukae nacho kidogo.

Makazi ya Nakivale yanatambuliwa rasmi tangu 1960, kabla Uganda haijapata uhuru wake wa 1962. Wakati huo hapakuwa na wilaya iitwayo Isingiro. Eneo hili lote lilikuwa Ankole, mojawapo ya falme zilizofutwa na serikali ya Obote mwaka 1967. Baadaye Ankole iligawanywa, na upande huu ukawa wilaya ya Mbarara, wilaya kubwa iliyofika mpaka wa Tanzania. Kati ya 2005 na 2006 Mbarara nayo ikagawanywa, zikatoka humo wilaya tatu mpya: Ibanda, Isingiro na Kiruhura. Nakivale ikaangukia Isingiro.

Hakuna aliyefungasha godoro. Hakuna lori lililokuja. Watu walilala Mbarara wakaamka Isingiro katika nyumba zile zile.

Sasa chukua familia moja ya hapa yenye watoto wawili waliozaliwa chini ya paa moja, wa kwanza mwaka 2001 na wa pili mwaka 2009. Karatasi za wa kwanza zinasema Mbarara, za wa pili zinasema Isingiro. Siku ya mahojiano, mtu asiyeijua historia hii ataangalia karatasi zote mbili na kuuliza: mlihama lini? Jibu sahihi ni kwamba hamkuhama. Wilaya ndiyo iliyohama. Litoe kwa utulivu, utaje miaka hiyo, na uongeze kwamba makazi ni yale yale ya Nakivale.

Usikimbilie kwenda "kurekebisha" karatasi ya zamani. Haikukosewa. Mahali pa kuzaliwa hubaki kama palivyoandikwa siku ile. Mahali unapoishi sasa huandikwa kwa jina la sasa. Familia zinazoanza kubadilisha karatasi moja ili ifanane na nyingine mara nyingi huishia na karatasi tatu zisizofanana, na mlolongo wa maswali ambao hapo mwanzo haukuwapo.

4. Mbarara nayo si moja

Hata ukiwa umeshajua kwamba wewe si mkazi wa Mbarara, bado inafaa ujue hiyo Mbarara ni ipi. Tarehe 1 Julai 2020 manispaa ya Mbarara ilipandishwa kuwa jiji, lenye divisheni mbili, ya Kaskazini na ya Kusini. Jiji linajitegemea, si sehemu ya wilaya ya Mbarara tena. Wilaya ya Mbarara bado ipo, makao yake ni Bwizibwera, nje ya jiji. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Julai 2019, Rwampara nayo ilikuwa imekatwa kutoka wilaya hiyo hiyo. Basi mtu akikuambia "peleka fomu wilayani Mbarara," muulize: jijini au Bwizibwera? Nauli si moja.

Halafu ipo Mbarara ya tatu, ambayo haina mpaka kwenye ramani ya wilaya lakini ndiyo inayotuchanganya zaidi: Mbarara kama kitovu cha kanda nzima. Hospitali ya Rufaa ya Mbarara hupokea wagonjwa kutoka Isingiro na wilaya nyingine nyingi. Mahakama Kuu ina kituo chake hapo. Polisi wana mkoa wao uitwao Rwizi, kwa jina la mto upitao mjini, na makao yake ni Mbarara, ingawa Isingiro imo ndani yake. OPM na HCR nao wana ofisi za kanda mjini humo. Ndiyo maana barua ya kesi iliyotokea kwenye kijiji chako inaweza kuja na anwani ya Mbarara, na mgonjwa wa Kabazana akawa na faili Mbarara. Hayo hayakugeuzi kuwa mkazi wa Mbarara. Yanamaanisha tu kwamba ofisi kubwa iko huko.

5. Jaza fomu kutoka chini kwenda juu

Fomu za serikali ya Uganda hufuata ngazi: kijiji, muluka ambao kwenye fomu ni parishi, gombolola, kaunti, wilaya. Wengi huanza na wilaya kwa sababu ndiyo wanayoifahamu, wakifika katikati wanakwama na kuandika "Nakivale" kila mahali. Anza na kijiji. Kijiji unakijua. Ukishakitaja vizuri, karani mwenyewe anaweza kukusaidia kupanda ngazi.

Mtego ni huu: makazi yana ngazi zake, na hazilingani na zile za serikali. Nakivale imegawanywa katika zoni tatu, yaani Base Camp, Juru na Rubondo, na kila zoni ina vijiji vyake. Zoni si gombolola. Base Camp haimo kwenye mlolongo wa gombolola na kaunti hata ukiitafuta kwa tochi. Tena makazi haya ni mapana, yameenea kwenye zaidi ya gombolola moja ya Isingiro, kwa hiyo usinakili jibu la rafiki yako wa zoni nyingine ukadhani yako ni hiyo hiyo.

Viongozi nao ni wa pande mbili. Mkimbizi ana mwenyekiti wa RWC, baraza la wakimbizi; mwenyeji ana mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji la serikali. Fomu ikiomba barua ya LC1 na wewe ni mkimbizi, usiiache wazi wala usiende kumbembeleza mwenyekiti wa kijiji cha jirani akupigie muhuri. Uliza kama barua ya RWC inakubaliwa, au kama inatakiwa ipitie ofisi ya kamanda wa makazi. Mara nyingi swali hilo moja linamaliza safari tatu.

Wenye maduka, hili linawahusu pia. Leseni ya biashara hutolewa na serikali ya mahali duka lilipo. Bidhaa unaweza kuzinunua Mbarara, risiti zote zikasema Mbarara, hata muhuri wako ukawa na sanduku la posta la Mbarara. Lakini duka likiwa Kabazana, hesabu zako ziko Isingiro, na mtu anayekuja na kitabu cha risiti cha jiji hana kazi na wewe.

6. Jihadhari na majina mapacha

Nakivale imejaa majina yaliyokuja na wenyewe. Ndani ya makazi kuna kijiji kiitwacho Kigali. Kuna mahali wanapoishi Wasomali panapoitwa Mogadishu Ndogo. Kuna mtaa wa New Congo. Kwetu ni majina ya kawaida, mtu anasema "naenda Kigali, narudi saa saba" na hakuna anayeshangaa. Kwa mtu wa simu aliyeko Kampala au Geneva, sentensi hiyo ni safari ya kuvuka mpaka wa nchi, na kwa mkimbizi wa Rwanda inaweza kuzua swali zito kweli kweli. Popote unapotaja Kigali ya hapa, sema "Kigali, Nakivale" kwa pumzi moja.

Rubondo nayo ni zoni yetu, lakini pia ni kisiwa ndani ya Ziwa Victoria upande wa Tanzania, hifadhi ya taifa tangu 1977. Ukiitafuta kwenye simu bila kuongeza Isingiro, unaweza kuoneshwa tembo na sokwe. Juru ni zoni, ni kijiji, na tena ni sekta katika wilaya ya Bugesera kule Rwanda.

Ila pacha anayesumbua kuliko wote ni Ibanda. Mtu wa Bukavu akiulizwa alizaliwa wapi anasema Ibanda, na ni kweli, kwani Ibanda ni komini mojawapo ya Bukavu, pamoja na Kadutu na Bagira. Karani wa hapa anasikia Ibanda, anaijua Ibanda, ipo kaskazini mwa Mbarara, na tena ni mojawapo ya zile wilaya tatu za kidokezo cha 3. Anaandika Ibanda, Uganda. Kwa mpigo mmoja wa kalamu Mkongo amezaliwa Ankole. Ndugu zangu wa Bukavu, msitamke Ibanda peke yake katika ofisi yoyote ya nchi hii. Semeni "Bukavu, komini ya Ibanda, Kivu Kusini, Kongo," kisha inameni mwone kilichoandikwa.

7. Na ulikotoka pia palikuwa na mpaka

Mazoea ya kutaja mji mkubwa badala ya mahali penyewe hatukuyaokota Uganda. Goma, kule Kongo, ni mji wenye komini mbili, Goma na Karisimbi, lakini nyumba zimeendelea kupanda kaskazini hadi zikavuka mpaka. Ukifika Munigi umeshatoka mjini kiutawala. Uko teritwari ya Nyiragongo, sheferi ya Bukumu. Wakazi wake husema "sisi ni watu wa Goma," na sokoni hakuna atakayewabishia.

Kwenye mahojiano ni jambo jingine. Umeandikwa Goma, halafu unasimulia habari za mwami na chifu wa kijiji, mambo ambayo mtu wa katikati ya mji hana. Msikilizaji anaanza kukunja uso. Sema tangu mwanzo: "Ni Munigi, nje kidogo ya Goma, teritwari ya Nyiragongo, kwa kawaida tunasema Goma." Sentensi hiyo inafungua mambo, na ni ya kweli. Usijaribu kuchagua jina linaloonekana zuri zaidi kwa anayeuliza. Sema palivyo.

8. Mzigo: andika njia, si wilaya

Mzigo wa basi haujui wilaya. Unajua kituo cha mwisho. Dada yako aliyeko Kampala akiandika tu "Mbarara" kwenye mfuko wa viatu vya watoto, mfuko utashuka Mbarara na kukaa hapo, na hakuna aliyekosea. Mwambie aandike jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba mbili za simu (yako na ya jirani ambaye simu yake haizimi), kisha "Nakivale kupitia Mbarara", halafu Kabazana. Atume pia picha ya risiti.

Hapo bado kuna mguu wa pili, kutoka stendi ya Mbarara hadi huku. Watu wenye akili huwa na dereva wa taxi mmoja wanayemfahamu, anayechukua mizigo kwa bei inayojulikana. Mkubaliane bei kabla mzigo haujapakiwa, kwa kuwa baada ya hapo bei huwa na mabawa.

Na ukiwa na mgeni anayekuja kwa gari lake, usimwambie "ukifika Mbarara umefika." Atapiga simu saa kumi na mbili jioni akiwa katikati ya jiji, anakutafuta wewe.

9. Nukta kwenye simu inazidi maneno

Ramani za simu huandika jina la mji wowote ulio karibu ambao zinaufahamu, kwa hiyo usiamini neno linalotokea juu ya skrini. Amini nukta. Simama mlangoni, tuma eneo lako kwa WhatsApp, basi. Ila nukta haijazi fomu; karani bado atakuuliza gombolola.

10. Ukihamia Kampala, uliza kama ni Kampala

Mtu akisema amepanga chumba Kampala, kuna uwezekano mkubwa kwamba analala Wakiso. Nansana, Kira, Kireka, Bweyogerere, Namugongo: kwa mdomo wote ni Kampala, kwa serikali ni wilaya ya Wakiso, inayoizunguka Kampala karibu pande zote. Mamlaka ya jiji, KCCA, ina divisheni tano tu, nazo ni Central, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga.

Makindye ndiyo yenye mtego, na ndiko Wakongo wengi wanakofikia. Ipo divisheni ya Makindye, ya jiji. Na ipo manispaa ya Makindye-Ssabagabo, ya Wakiso, ambako ndiko ziliko Masajja na Ndejje. Mtu anaweza kuvuka kutoka moja hadi nyingine akienda kununua mkaa. Kabla ya kulipa kodi ya nyumba, muulize mwenyekiti wa LC1 wa pale, wala usimuulize dalali, kwa kuwa kwa dalali kila kitu ni Kampala: "Nyumba hii iko KCCA au Wakiso?" Jibu linaamua ofisi ya leseni, na ni mwenyekiti yupi atakayekuandikia barua.

Kwa mkimbizi kuna uzito wa ziada. Kupanga chumba mjini na kuandikishwa mjini ni mambo mawili. Ukiwa umeandikishwa Nakivale, msaada wako unafuata Nakivale. Usije ukabadilisha anwani kwenye faili lako kwa sababu tu umekaa Kampala miezi miwili ya biashara, kabla hujakaa chini na OPM na kuelezwa utakachopoteza.

Wakenya wanatucheka bure katika hili. Ongata Rongai iko Kajiado, Ruaka iko Kiambu, Syokimau na Mlolongo ziko Machakos, na wakazi wa kote huko huamka asubuhi wakisema wanaishi Nairobi.

11. Kwa walioko Marekani: jiji la bahasha silo linalokutoza kodi

Wengi waliopitia Nakivale wako Marekani sasa, na wanadhani mambo haya waliyaacha Isingiro. La. Kule misimbo ya posta ya ZIP ilianza mwaka 1963 kwa ajili ya kurahisisha kazi ya kugawa barua, na jina la mji linaloambatana nayo ni la ofisi ya posta inayohudumia eneo. Mpaka wa mji unaweza kupita kwingine kabisa.

Mfano mzuri ni Grand Rapids, Michigan, ambako Wakongo ni wengi. Pembeni yake kuna miji inayojitegemea, Kentwood na Wyoming. (Ndiyo, Wyoming ni mji wa Michigan na pia ni jimbo zima huko magharibi, majina mapacha hayakuanzia Kigali ya Nakivale.) Wakazi wengi wa miji hiyo hupokea barua zilizoandikwa Grand Rapids. Sasa, Grand Rapids hutoza kodi yake ya mapato ya jiji: asilimia 1.5 kwa mkazi, na nusu yake, 0.75, kwa asiye mkazi anayefanya kazi humo. Kentwood na Wyoming hazina kodi hiyo. Kwa hiyo mtu wa Kentwood anayefanya kazi kiwandani Grand Rapids, akimwonesha mwajiri bahasha yake na kuandikwa mkazi wa jiji, anakatwa mara mbili ya anachopaswa kukatwa, mwaka mzima, kwa sababu ya neno lililo kwenye bahasha.

Shule nazo zina mipaka yake. Wilaya ya shule ya Kelloggsville, kwa mfano, inachukua vipande vya miji hiyo yote mitatu. Usimwandikishe mtoto kwa kufuata jina la bahasha; piga simu shuleni, taja namba ya nyumba na jina la barabara, watakwambia.

Huko Georgia ni vivyo hivyo. Clarkston, karibu na Atlanta, ni mji mdogo uliopokea wakimbizi kwa miongo kadhaa, lakini anwani ya Clarkston inavuka mipaka ya mji wenyewe. Ukiwa nje ya mpaka, polisi wako ni wa kaunti ya DeKalb, na kura ya meya wa Clarkston haikuhusu hata ukipata uraia na bahasha ikasema Clarkston mpaka uzeeni.

12. Uwe na karatasi moja ya kunakili

Mkanganyiko mwingi hauletwi na mipaka. Huletwa na mtu yule yule kuandika anwani yake kwa namna nne tofauti katika ofisi nne. Mara Kabazana, mara Kabazzana, mara Base Camp, mara Mbarara. Kaa na mwenyekiti wako mara moja, andikeni mistari miwili. Wa kwanza ni wa makazi: kijiji, zoni, Nakivale. Wa pili ni wa serikali: kijiji, muluka, gombolola, kaunti, wilaya ya Isingiro. Sanduku la posta lichukue mstari wake peke yake, mbali na hiyo miwili. Piga picha, uiweke kwenye simu, na uwape watoto wakubwa nao, kwa sababu wao ndio watakaojaza fomu nyingi kuliko wewe.

Tahajia ifuate kitambulisho au atestesheni yako, hata kama herufi moja haikupendezi. Karani akiandika vinginevyo, mwombe arekebishe pale pale kabla ya kupiga muhuri. Sema "Samahani mzee, hapa pana kosa dogo," kwa upole, na usiondoke dirishani mpaka iandikwe sawa. Foleni itanung'unika. Iache inung'unike, herufi ile ikishapigwa muhuri, kuifuta ni barua, nauli ya Mbarara na siku ya kazi iliyopotea.